“Anasoma Wapi?”: Swali la Mzee wa Masaka Ambalo Limegoma Kunitoka

Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka upande wa wageni, wanaume wote kanzu na koti juu, jua la saa nane linaingia mlangoni. Binamu yangu anaoa Masaka, Uganda. Sisi tulitoka Bukoba alfajiri, tukavuka Mutukula, tukafika kwa wakwe na sukari zetu na sabuni na chumvi, kila kitu kikapokelewa vizuri tu, salamu zikaenda zikarudi.

Kisha mzee wa nyumba, babu wa binti, akamgeukia mshenga wetu. Kiswahili chake alikipata kwenye malori, barabara ya Mombasa, miaka hiyo ya ujana wake.

“Huyu kijana wenu anasoma wapi?”

Mshenga akajibu kwa kujiamini kabisa. “Alishamaliza, mzee. Alisoma uhandisi Dar es Salaam, sasa hivi ana kazi Mwanza.”

Kimya. Akina mama upande wa pili wakatazamana. Mzee akatikisa kichwa polepole, bila hasira. “Hapana, baba. Nauliza anasoma wapi.”

Senga wa binti, yaani shangazi yake, ndo alituokoa, akainama akamnong'oneza mshenga: anauliza kijana anasali wapi. Ni wa dini gani.

Tukasema Mkatoliki.

“Haya,” mzee akasema, “tuendelee.”

Na tukaendelea, tukala matoke, tukacheka, tukapewa tarehe. Ila mimi lile swali nilivuka nalo mpaka, nikalala nalo, wiki ya tano sasa liko kichwani. Yaani kwa nini kusoma na kusali ni neno moja? Na kwa nini mzee aliuliza hilo kabla hajauliza ukoo, kabla ya ng'ombe, kabla ya chochote?

Neno lilitoka pwani

Nilianza na neno lenyewe, na hapo nikapata mshtuko wa kwanza. Kusoma ni neno letu, Kiswahili hikihiki. Lilipanda na misafara kutoka pwani, likafika Buganda na wafanyabiashara Waislamu, na wa kwanza kuitwa wasomi kule hawakuwa Wakristo, walikuwa vijana wa ikulu waliofundishwa Kurani. Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa wa Kwanza mwenyewe alifunga Ramadhani miaka kadhaa, alijua Kiswahili, na kuna vijana Waislamu waliouawa kwa amri yake 1876 kwa sababu waliishika dini kuliko alivyotaka yeye. Hiyo ni miaka kumi kabla ya mashahidi Wakristo wa Namugongo tunaowajua sote.

Halafu 1877 wakaja Waingereza wa CMS, misheni ya Kianglikana, na Februari 1879 wakaja Mapadre Weupe, Wafaransa, padre Lourdel ambaye Waganda walimwita Mapeera. Wote wakaikuta ile njia imeshalimwa. Kijana wa ikulu anajua tayari kwamba dini ni kitabu, na kitabu kinasomwa. Alexander Mackay wa CMS alianza kufundisha kwa maandiko ya Kiswahili kabla Kiganda hakijawa na chake. Kwa hiyo “msomi” ikahamia kwa Wakristo kama ilivyo, haikubadilishwa hata herufi.

Tazama ile kanzu tuliyovaa siku ile. Ina darizi nyekundu iliyokolea shingoni, na leo Mganda Mkatoliki haendi ukweni bila hiyo. Nayo ilikuja na msafara uleule.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa mzee alikuwa anauliza nini. Anayesoma ni mtu aliyejiunga mahali. Ana mwalimu, ana wenzake, ana wa kumtetea. Vijana wale wa ikulu walikuwa ndo maofisa wa kesho, kwa sababu Buganda ilipika viongozi wake ikulu, ukitumikia vizuri unapewa eneo. Wamisionari hawakwenda vijijini kwanza kwa watu wa kawaida, walikaa pale pale palipokuwa na mfalme. Matokeo yake dini iliingia serikalini kabla serikali ya Mwingereza haijakuwepo.

Wafaransa ambao hawajawahi kuiona Ufaransa

Mwaka 1888 wasomi wote, Waislamu na Wakristo, waliungana wakamwondoa Kabaka Mwanga. Ilikuwa Septemba. Oktoba Waislamu wakawatimua Wakristo, wakakimbilia kusini magharibi, huko wakajipanga, wakarudi na Mwanga yuleyule aliyewachoma wenzao. Soma tena sentensi hiyo. Vijana ambao rafiki zao walichomwa Namugongo Juni 3, 1886 ndio waliomrudisha kwenye kiti mtu aliyetoa ile amri, maana bila Kabaka hakuna Buganda.

Walipomrudisha wakagawana vyeo nusu kwa nusu, Wakatoliki na Waprotestanti. Na wakawekeana sharti moja ambalo mimi nikilisoma mara ya kwanza nilifunga simu nikatoka nje kidogo.

Chifu akibadili dini, anapoteza cheo na ardhi.

Sasa hapo imani imeshakuwa hati ya shamba. Mtu anaweza kulala usiku moyo umegeuka kabisa, amesikia mahubiri upande wa pili yamemgusa, asubuhi akawaangalia watoto wake na migomba yake akanyamaza. Wangapi walinyamaza hivyo, nimejiuliza sana.

Na majina ya vyama sasa. Wakatoliki waliitwa Wafaransa, Waprotestanti wakaitwa Waingereza. Waganda weusi tii, hawajawahi kupanda meli, wanaitana Mfaransa na Mwingereza na kuchukiana kwa majina ya nchi za watu. Desemba 1890 akaja Lugard wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki na askari wake, akajenga ngome kwenye kilima cha Kampala. Januari 1892 mtu wa upande wa Kikatoliki akamuua wa upande wa Kiprotestanti kwenye ugomvi wa bunduki, Mwanga akamwachia huru, Lugard hakukubali, akawagawia Waprotestanti silaha, na tarehe 24 vita ikapigwa Mengo, kilima cha ikulu ya Kabaka. Bombomu ya Maxim, ile bunduki ya rashasha, ikaamua. Mfalme na Wakatoliki wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, wakafuatwa na huko, na watu wengi walizama wakigombania mitumbwi.

Wote wale walikuwa wamebatizwa au wanajiandaa kubatizwa. Wote walikuwa wanasema Baba Yetu.

Maili

Baada ya vita Wakatoliki walipewa Buddu, ndo hiyo Masaka yenyewe. Waprotestanti waliokuwa wanaishi Buddu wakafunga mizigo wakaondoka, na Wakatoliki wa sehemu nyingine wakahamia. Mwaka uliofuata, 1893, Portal alipofika kwa niaba ya serikali ya Uingereza, maaskofu wawili, Tucker wa Kianglikana na Hirth wa Kikatoliki, wakakaa naye kugawa upya, Wakatoliki wakaongezewa kidogo, na ikakubalika kuwe na Makatikiro, yaani mawaziri wakuu, wawili, mmoja kila upande. Maaskofu wanagawa wilaya! Mimi nilikuwa nadhani mambo haya ni ya Ulaya ya zamani.

Ila nisiwe wa kuona ubaya tu, kwa sababu kuna vitu vilivyotoka kwenye imani kwelikweli. Mwaka huohuo 1893 machifu wa Kiprotestanti waliweka saini tamko la kuwaachia watumwa wao, na hakuna bombomu iliyowalazimisha. Walilisoma kwenye kitabu wakaona haliendani. Hospitali ya Mengo ikaanza 1897. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa imetoka 1896, na watu walihifadhi pesa wanunue kitabu kabla ya nguo. Siwezi kuyafuta hayo ili hadithi yangu inyooke.

Kisha Machi 10, 1900, ule Mkataba wa Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, kwa hiyo walinzi watatu wa kiti walisaini kwa niaba yake: Apolo Kagwa, Mprotestanti, Katikiro. Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki, Jaji Mkuu. Zakaria Kisingiri, Mprotestanti, Mweka Hazina. Mpangilio huo wa nani anakaa wapi ulidumu zaidi ya miaka 50. Katikiro alikuwa Mprotestanti, akiondoka anakuja Mprotestanti mwingine, hata pale Wakatoliki walipokuwa wengi zaidi kwa hesabu. Masaza, yaani wilaya za Buganda, yalikuwa 20, Waprotestanti wakapata sehemu kubwa, Wakatoliki wakafuata, na Waislamu, wale waliotangulia kusoma kabla ya wote, wakabaki na saza moja, Butambala.

Ardhi ikapimwa kwa maili za mraba. Kabaka 350. Misheni tatu za Kikristo kwa pamoja 92. Machifu na wenye ardhi 1,000 wakaandikiwa maili 8,000, na mpaka leo Mganda akisema “mailo” anazungumzia umiliki uliozaliwa siku hiyo. Orodha za nani apate kipande zilipitia mikononi mwa hao hao wakuu wa vyama vya dini. Mkulima wa kawaida aliyekuwa analima pale tangu babu yake, ambaye hakusoma popote, ambaye labda bado alikuwa anapeleka kuku kwa mizimu yake kimyakimya, aliamka akiwa mpangaji kwenye shamba la msomi.

Yeye ndiye ninayemfikiria zaidi. Hakupigana Mengo. Hakuna aliyemuuliza anasoma wapi.

Mitumbwi ya kuja Kashozi

Hii sehemu niliandika nikafuta mara tatu.

Mimi ni Mkatoliki. Sijabatizwa tu nikaishia hapo, naamini, nasali, bibi yangu alinifundisha rozari nikiwa sijui kusoma, vidole vyake vigumu vya jembe vikishika vyangu punje kwa punje. Na nilipokuwa mtoto nikimuuliza bibi, dini ilifikaje kwetu, alikuwa anasema mapadre walikuja Kashozi, hapa karibu na Bukoba, Mungu aliwaleta kwa ziwa. Nikaridhika na hilo jibu miaka yote.

Sasa nimepiga hesabu ya miaka. Misheni ya Kashozi ilianza 1892. Walioianza ni Hirth na mapadre wenzake, na Wakatoliki wa Kiganda waliokuwa nao. Mwaka 1892! Yaani walikuwa wanatoka kwenye moshi wa Mengo, wanatoka Bulingugwe, walioshindwa vita, wakashuka na pwani ya ziwa mpaka upande wa Mjerumani ambako Emin Pasha alikuwa ameweka boma la Bukoba miaka miwili kabla. Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza wakapata hifadhi kwa Mjerumani, na katikati ya habari hiyo ya Wazungu watatu kuna bibi wa bibi yangu anasikia jina la Yezu kwa mara ya kwanza.

Je, kama Mwanga angemhukumu yule muuaji? Kama bombomu ingekwama?

Siku mbili hizo nilisali vibaya. Nilikuwa nashika rozari naona mitumbwi inazama. Nilimpigia shangazi, nikamwambia nilichokigundua, nikitegemea atashtuka. Akanyamaza kidogo, akasema, “Mwanangu, wakimbizi wanaleta walichonacho. Hao walikuwa na hicho.” Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sijui kama hilo ni jibu, lakini lilinirudisha kitini nikaweza kuendelea kuandika. Maana nilikuwa nimeanza kuwaona kama jeshi lililoshindwa linatafuta uwanja mwingine, na kwa upande mmoja ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu Hirth huyohuyo mwaka 1900 alifika mpaka kwa Mwami, yaani mfalme, Musinga kule Rwanda akiwa na makatekista Waganda, na mafunzo ya Mengo alikuwa nayo kichwani: shikana na watawala. Musinga aling'olewa na Wabelgiji 1931, mwanawe Rudahigwa akabatizwa 1943, akaikabidhi nchi nzima kwa Kristo Mfalme 1946. Kiti na altare vilisogezwa karibu kiasi kile, na aliyebaki nje alibaki nje ya vyote viwili. Kwa upande mwingine walikuwa watu waliopoteza nyumba.

Yezu na Yesu

Kwa mama yangu ni Walutheri. Nilikua nikijua kwamba kwa bibi mzaa baba ni Yezu, kwa bibi mzaa mama ni Yesu, na kama mtoto mwenye akili nilikuwa nabadilisha herufi kulingana na chakula kinapikwa wapi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Buganda walifika mbali zaidi. Wakatoliki na Waprotestanti waliandika lugha moja kwa tahajia mbili, kila misheni na shule zake na vitabu vyake, mpaka 1947 ndo tahajia ikaunganishwa. Mtoto anaandika barua tu ya kuomba karo na unajua babake anasali wapi. Jina vilevile, Yozefu ni wa Rubaga, kilima cha Wakatoliki, Yusufu ni wa Namirembe, kilima cha Waprotestanti, au ni Mwislamu wa Kibuli. Kampala ukisimama barabarani unaviona hivyo vilima, kanisa huku, kanisa kule, msikiti pale, na kilima cha mfalme katikati yao.

Siasa ilipokuja ikakuta mitaro imeshachimbwa, maji yakapita humo humo. Miaka ya 1950 Matayo Mugwanya, mjukuu wa yule Stanislaus, aligombea Ukatikiro akakosa, na chama cha DP, Democratic Party, kikapata nguvu kama chama cha Wakatoliki waliochoka kukaa nyuma. Mtaani DP ikatafsiriwa Dini ya Papa. Kwa Kiswahili! Lugha yetu ilitumika kuwataja watu kwa dini zao katika nchi ambayo yenyewe ilikataliwa.

Lugha iliyosomesha ikafungiwa nje

Na hili lilinigusa kwa namna yake, mimi ninayeandika Kiswahili kutwa. Mackay aliipenda lugha hii, aliona itaunganisha watu wa ziwa na pwani. Askofu Tucker aliikataa kwa sababu aliiona iko karibu mno na Uislamu, akataka Kiganda kisimame chenyewe. Tucker akashinda. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alipotaka Kiswahili kiwe lugha ya shule na ya serikali, Kabaka Daudi Chwa akapinga, na wamisionari wakawa upande wa kupinga, Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja safari hii.

Kuna sababu nyingine, najua. Baadaye Kiswahili kikawa lugha ya askari, na Mganda aliyesimamishwa usiku na mtu mwenye bunduki anayefoka kwa Kiswahili hawezi kukipenda kwa sababu mimi nimemwomba. Ila mlango wa kwanza ulifungwa kwa sababu ya dini. Upande wetu Mjerumani aliendesha serikali kwa Kiswahili, misheni zikalalamika kidogo zikazoea. Mpaka mmoja, ziwa moja, migomba ileile, na leo mshenga wetu anajibu swali la kanisa kwa digrii ya uhandisi.

Neno lao la kumwabudu Mungu wamelipata kwetu, na sisi tumelisahau maana yake.

Mutuba

Nilirudi Masaka wiki mbili zilizopita, peke yangu safari hii, kupeleka bahasha ya maandalizi. Kwa kweli nilikwenda kwa ajili ya mzee. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza moja kwa moja: siku ile kwa nini uliuliza lile kwanza?

Hakujibu. Alichukua fimbo yake, akasema njoo.

Tukapita kwenye migomba nyuma ya nyumba, majani makavu yanalia chini ya miguu, mpaka mwisho wa shamba. Pale kuna mti wa mutuba, ule wanaochuna gome kutengeneza vitambaa vya lubugo. Mkubwa sana, shina lina makovu ya kuchunwa mzunguko kwa mzunguko, mengine yameshafunikwa na gome jipya, mengine ya zamani yamebaki kama mikunjo ya shingo ya mzee. Akaweka kiganja juu ya kovu moja lililo usawa wa kifua.

Akaniambia babu yake aliletwa hapa akiwa mtoto, kwenye vita ya Waingereza na Wafaransa, anaiita hivyohivyo. Walipofika walikuta nyumba tupu. Ndizi zimeiva mgombani, hakuna wa kuzikata. Mwenye nyumba alikuwa Mprotestanti, ameondoka siku chache kabla, ameelekea huko ambako wao walitoka. Babu yake alikumbuka chungu kilichoachwa jikoni na majivu ndani ya mafiga.

“Migomba tulipanda upya,” akasema. “Nyumba tulibomoa, tukajenga yetu. Huu hatukuukata.”

“Kwa nini?”

“Alipanda yeye.”

Nikamuuliza kama wanamjua jina. Hawamjui. Kila anayerithi shamba anaonyeshwa mti na kuambiwa ni wa mwenyewe, na gome likichunwa, kipande cha kwanza hakiuzwi, anapewa mtu anayezika. Binti anayeolewa na binamu yangu ameonyeshwa pia, ingawa anakwenda kuishi Mwanza.

Tulisimama pale muda. Mvua ilikuwa inanukia upande wa ziwa. Kisha mzee akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha malori, pale Kashozi kwenu mapadre walipofika, walikuta nini?

Nikamwambia nitamuuliza shangazi.

“Muulize,” akasema, “kabla hajazeeka sana.”